Bi Subiri Alivyoidai Sauti Yake

Jina la Bi Subiri hakupewa na wazazi wake, wala halikutokana na tabia yake. Kusema kweli, kusubiri kulikuwa kitu asichokiweza hata kidogo. Akibandika maji ya chai, alikuwa akifunua sufuria kila mara kuona kama yameanza kuchemka, na mumewe, aliyekuwa mwashi, akimwita kwa kazi ya binti yao, akimwambia, "Mama Nesi, yaache maji nayo yapumue." Jina alipewa na mji mzima, tena kwa hasira.

Alikuwa mpokea simu katika kampuni ya maji. Chumba chao kilikuwa chini, nyuma ya mapokezi, chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani. Wanawake walikaa kwenye vibanda vya mbao, kila mmoja na hedifoni yake kichwani, na feni ikigeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa jambo. Kiti chake kilikuwa kimekatika mkono wa kushoto. Alishazoea kuegemea upande mmoja, hata akikaa kwenye kochi lake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa kuomba msamaha. Bomba likipasuka, simu zinamiminika kwake. Ankara ikija na kosa, kwake. Mtu akiwa amejipaka sabuni mwili mzima, bomba likakohoa mara moja kisha likanyamaza, anayetukanwa ni yeye, ambaye maishani mwake hakuwahi kumfungia mtu maji. "Pole sana, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Nakuelewa kabisa. Samahani kwa usumbufu." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu. Waliopiga wakiwa wamewaka moto walijikuta wanamaliza kwa kumwuliza hali ya watoto.

Hakuna aliyejua kwamba sauti ikisema hayo, miguu chini ya meza ilikuwa ikitikisika. Alirudi nyumbani tumbo likimsokota. Alimwogopa meneja, aliuogopa mwisho wa mwezi, aliogopa minong'ono ya kwenye korido. Mumewe, ambaye leo ana kazi na kesho hana, alikuwa akilala fofofo. Yeye mwenye ajira ya kudumu ndiye aliyekuwa akigeuka kitandani.

"Hivi wewe huna wasiwasi?" alimwuliza mumewe siku moja.

"Nikiwa na wasiwasi, ukuta utajijenga?"

Jibu hilo lilimuudhi wiki nzima.

Kisha mashine ikaja. Meneja aliitambulisha kama mtu anayemtambulisha mchumba kwa wazazi wake, kwa kujikohoza kwingi. Ni mfumo wa kujibu simu, alisema. Utawapunguzia mzigo akina mama. Maswali madogo madogo yatajibiwa na mashine, nanyi mtabaki na yale yanayohitaji kichwa. Kilichotakiwa ni sauti nzuri tu. Aliposema hivyo, chumba kizima kikageuka kumtazama mke wa mwashi.

Alipelekwa kwenye chumba kidogo chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani, akasemeshwa mbele ya kipaza sauti mpaka taya zikamuuma. Fundi mitambo alikuwa akimrudisha nyuma kila mara. "Irudie, mama, lakini useme kama unatabasamu." Basi akatabasamu. Karibu, simu yako ni muhimu kwetu. Kama maji yamekatika, bonyeza moja. Kwa malalamiko, bonyeza mbili. Tafadhali subiri, tunakuhudumia. Aliporudi nyumbani kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo, hakuna haja ya kuficha. Binti yake, aliyekuwa nesi wa wodi ya wazazi, aliwatangazia majirani kwamba mama yake sasa ni mtangazaji.

Haukupita muda, akiwa kwenye foleni ya bucha, akaomba nusu kilo isiyo na mfupa. Mwanamume aliyekuwa kando yake akageuka polepole.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia nisubiri jana. Nimesubiri mpaka simu ikazima."

"Samahani sana, kaka," akajibu yeye, kwa mazoea.

"Ni yeye," yule mtu akawaambia wenzake kwenye foleni. "Mmesikia? Ni yeye kabisa."

Kuanzia hapo akawa Bi Subiri. Muuza mkaa alimwita hivyo, dereva wa teksi alimwita hivyo, na watoto wa mtaani walipomwona walibonyeza vifungo vya mashati yao wakisema, "Moja. Mbili." Yeye alicheka nao kwa nje.

Maswali makubwa waliyoahidiwa hayakuja. Simu zilipungua mpaka mchana mwingine wakawa wanasikia feni tu. Minong'ono ya korido ikashika kasi. Badala ya kuambiwa lolote, wakaitwa kwenye semina.

Ilifanyika ukumbini, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara. Juu ya kila kiti kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa, na siku hiyo nusu ya mji haikuwa na tone bombani. Ukutani kilitundikwa kitambaa kilichoandikwa Utulivu wa Ndani Katika Dunia Inayobadilika. Mkufunzi alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, viatu visivyotoa mlio. Aliwaambia wafumbe macho.

"Vuta pumzi," alisema. "Wewe ni jani juu ya mto. Mto unakupeleka unakokupeleka. Usishindane nao. Achilia."

Mama mmoja wa simu za ankara akaanza kukoroma. Bi Subiri naye alijitahidi kuwa jani, lakini jicho moja lilikataa kufumba, na jicho hilo likamwona meneja amesimama mlangoni, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja huku midomo ikicheza. Alikuwa akiwahesabu.

Hapo akaelewa. Ajabu ni kwamba lile tumbo lililomsumbua miaka yote lilitulia saa ileile. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kuishi na mtu aliyeinua kofi nyuma ya mgongo wako, halafu siku moja ugeuke uuone mkono wenyewe. Mkono ni mkono tu. Akanyoosha wake.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Hapana, hiyo samahani naifuta. Mwalimu, wewe mkataba wako hapa unaisha lini?"

Mkufunzi alifumbua macho. "Leo jioni," alijibu, na ilionekana wazi kwamba ukweli ule ulimtoka kabla hajauwahi.

Watu wakaangua kicheko. Hata aliyekuwa akikoroma aliamka akacheka bila kujua anacheka nini.

"Basi na sisi tuambiwe wa kwetu unaisha lini," alisema Bi Subiri. "Tukishajua, hizo pumzi tutazivuta."

Kicheko kikakatika, shingo zote zikaelekea mlangoni. Meneja alirekebisha kola ya shati. Alisema wafanyakazi wataarifiwa wakati mwafaka utakapofika.

"Umefika," Bi Subiri alisema. "Tumeshakaa, maji ya kunywa yapo, macho tumeshafumbua. Tuarifu."

Meneja akatafuta pa kutokea asipaone. Ikambidi aseme. Chumba cha simu kitafungwa mwisho wa mwezi. Mashine ilikuwa imefanya vizuri kupita matarajio.

Wengine walilia palepale. Mkufunzi alikunja kitambaa chake kimyakimya, akamkuta Bi Subiri getini. "Mama, mimi sikuambiwa," alisema. "Waliniambia ni semina ya kawaida."

"Najua, mwanangu. Na mimi niliambiwa napunguziwa mzigo."

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo alirudi nyumbani kifua mbele. Kwa siku chache ndiyo. Baada ya hapo ujasiri ulimtoka kama hewa kwenye tairi. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalirudisha. Kila aliyekuja kumpa pole alikuja na dawa yake, na dawa zote zilikuwa na jina moja: kubali. Kubali yaishe, dada. Dunia ndivyo ilivyo siku hizi, shangazi, kubali tu. Wifi yake alimletea mafuta ya kupaka kwenye kipaji cha uso ili akubali kwa urahisi zaidi. Neno lenyewe lilianza kumkera masikioni kama mbu.

"Kwani ukikataa inakuwaje?" alimwuliza mumewe.

"Ukikataa nini?"

"Sijui bado."

Mwashi alikuwa akikung'uta saruji kwenye suruali. Alifikiri. "Kataa kwanza," alisema. "Nini utakijua mbele ya safari."

Alikijua mchana mmoja, maji yalipokatika nyumbani kwao. Binti alikuwa ametoka zamu na sare zake za kufua zilikuwa kwenye beseni. Akapiga simu kampuni ya maji, akaweka spika, simu akaiegemeza kwenye kopo la chumvi ili mikono iwe huru.

"Karibu," ikasema simu. "Simu yako ni muhimu kwetu."

Mwashi alipasuka kicheko. "Mama Nesi, unaitwa na Mama Nesi."

Kisha alimwona mkewe uso, akaacha. Bi Subiri alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliichukua simu akakaa nayo kwenye kigoda, akaisikiliza. Tafadhali subiri, tunakuhudumia. Muziki kidogo. Samahani kwa usumbufu, tafadhali subiri. Muziki tena. Hakuna aliyewahudumia. Sauti ilikuwa tulivu, ya joto, ya mtu anayetabasamu.

"Mama, kata," binti alisema. "Ni rekodi tu."

"Huyu mwanamke ana raha kuliko mimi," alisema Bi Subiri. "Na raha yenyewe ni yangu. Mimi wamenitoa, yeye wamembakiza. Anawaombea radhi mchana kutwa, wakati mimi hakuna aliyeniomba radhi hata mara moja."

Aliirudisha simu kwenye kopo la chumvi. Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la kijani la kwendea harusini, akaenda kampuni ya maji.

Meneja alimpokea vizuri. Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za nyumbani, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaunganisha vidole vyake juu ya meza.

"Mama yangu, ile ni kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa. Ni mali ya kampuni. Ni kama mwashi aliyejenga ukuta. Anaweza kuja kuubomoa?"

"Mume wangu ni mwashi," alisema Bi Subiri. "Akijenga ukuta, ukuta hausimami mlangoni kwa jina lake ukiwadanganya watu kwamba wanahudumiwa. Mimi ndiye ninayeitwa Bi Subiri huko bucha, si wewe."

"Naelewa uchungu wako. Lakini nakushauri kama mwanao. Jaribu kutafuta utulivu. Ukiendelea hivi utajiumiza."

"Utulivu ninao, baba. Ndiyo maana nimekuja nimekaa sijapiga kelele. Nimekuja kuchukua sauti yangu."

Meneja alisema haiwezekani. Bi Subiri aliaga kwa heshima, akateremka ngazi. Alipofika mapokezi hakutoka nje. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

Dada wa mapokezi, waliyefahamiana naye siku nyingi, alimnong'oneza, "Mama, kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana. Nimekaa."

Alikaa mpaka ofisi zikafungwa. Kesho yake akarudi akakaa tena. Hakubeba bango wala hakuhutubia mtu. Aliyemsalimia alimwitikia, aliyemwuliza anafanya nini alimwambia: wana kitu changu humu, nangoja wanirudishie. Basi mtu yule humtazama, husikia ile sauti, hutoa macho. "Wewe ndiye…?" "Ndiye." Na habari ikatembea.

Cha kushangaza, yeye asiyeweza kungoja maji ya chai yachemke, pale kwenye benchi aliweza. Siku za mwanzo moyo ulimwenda mbio kila alipoona viatu vya meneja vikishuka ngazi. Baadaye viatu vikawa viatu. Aligundua kwamba alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akikimbizana na kila mtu ndani ya kichwa chake, akiwaridhisha kabla hawajakasirika, na sasa hakuna wa kumridhisha. Aliwatazama watu wakiingia na kutoka. Alilitazama jua likihama kwenye sakafu.

Meneja akaagiza benchi liondolewe, lipelekwe kupakwa rangi. Bi Subiri akasimama. Wazee waliokuja kulipia maji nao wakasimama, wakauliza benchi liko wapi, wakanung'unika mpaka likarudishwa bila rangi. Meneja akamwambia mlinzi amtoe. Mlinzi alimwendea, kofia mkononi.

"Mama, nimeambiwa nikutoe."

"Wewe fanya kazi yako, mwanangu. Nishike mkono unitoe. Nikishatoka nitaingia tena, maana mimi ni mteja na bomba langu halitoki maji."

Mlinzi alikuna kichwa, akarudi getini kumwambia mkuu wa walinzi kwamba mama amekataa kwa adabu, na yeye hakufundishwa namna ya kumtoa mtu mwenye adabu.

Vita vikali zaidi vilikuwa nyumbani. Binti alikuwa amezichoka zile stori. Wauguzi wenzake walikuwa wakimwuliza kama mama yake ni mzima. Jioni moja alitua sahani mezani kwa kishindo.

"Mama, watu wa umri wako waliopunguzwa kazi wanatafuta shughuli nyingine. Wewe umeajiriwa na benchi. Kodi ya nyumba itatoka kwenye msimamo wako?"

"Nilipokuwa naomba radhi kutwa nzima kwa makosa ya watu, nyumba ilikuwa na amani?"

"Ilikuwa na mshahara."

"Sikukuuliza hilo."

Binti aliondoka mezani. Siku zilizofuata walisemeshana kupitia kwa mwashi, na mwashi, ambaye hakupenda kazi ya utarishi, alikuwa akipotosha ujumbe makusudi. "Mama yako anasema unapendeza," alimwambia binti. Kwa mama akasema, "Anaomba uvae sweta." Hakuna aliyemwamini, lakini waliendelea kumtuma.

Kikaja kipindi cha ukame, maji yakawa ya kubahatisha mji mzima. Mapokezi yalijaa. Mtu mmoja mnene, jasho likimtiririka, dumu tupu mkononi, aliisikia sauti ya Bi Subiri akimsalimia mama mwingine. Akamjia juu.

"Wewe. Kila nikipiga ni wewe. Watoto wangu hawajaoga, mke wangu ana kichanga, na wewe unanichekea kwenye simu. Huna aibu?"

Bi Subiri alisikia lile neno la zamani likimpanda kooni lenyewe, samahani sana ndugu yangu, limekamilika, tayari kutoka. Alilimeza. Alisimama akamtazama yule mtu usoni, na alipoongea ilikuwa sauti ileile waliyoijua, ila haikuwa ikitabasamu.

"Maji yako sikuyakata mimi," alisema. "Sikuwahi kuyakata. Na sikuhudumii, kwa sababu mimi si mfanyakazi hapa, walishanifukuza, wakabakiza sauti ili uitukane hiyo. Pole kwa kichanga chako, hiyo pole ni yangu na inatoka moyoni. Lakini radhi simwombei mtu tena. Anayepaswa kukuomba radhi yuko ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto. Saa hizi anakunywa chai."

Yule mtu alitazama ngazi. Alimtazama Bi Subiri. Akaweka dumu begani akaanza kupanda. Nyuma yake akapanda mama mmoja na mtoto mgongoni, kisha wazee wa benchi, taratibu, wameshika ukuta, kisha wengine wote. Dada wa mapokezi aliinama chini ya meza kama anatafuta kalamu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bi Subiri mwenyewe hakupanda. Alikaa, akagundua kwamba magoti yake yametulia tuli.

Siku hiyo meneja aliongea na wateja wake kwa mara ya kwanza, ana kwa ana, mpaka sauti ikamkauka. Na kwa kuwa ngazi walishaijua, waliendelea kuipanda.

Haukupita muda, akamwita Bi Subiri. Alionekana amekonda. Alimwambia kampuni imefikiria upya. Wako tayari kumrudisha kazini, yeye peke yake, cheo cha juu kidogo, arekodi ujumbe mpya wa kuwatuliza watu kipindi hiki cha ukame.

"Watu wanakuamini, mama. Ukiwaambia wawe na subira, watakuwa nayo."

"Maji yatatoka lini?"

Meneja aliangalia meza. "Hilo hatujui."

"Basi niwaambie hivyo? Hatujui?"

"Tusiseme hivyo hasa."

Bi Subiri alifikiria sare za binti kwenye beseni, na mwezi unaokuja, na mumewe ambaye mgongo ulishaanza kumkatalia kuinuka asubuhi. Si kwamba hakutamani. Alitamani sana, na alisema ukweli huo kwa mtu yeyote aliyemwuliza baadaye. Kisha akafunga mkoba wake.

"Ondoa sauti yangu, baba. Mimi nitawatakia mema nikiwa kwangu."

Wiki hiyohiyo ikaondolewa, maana kila iliposikika watu walipanda ngazi. Mahali pake walipachika sauti ya kutengenezwa na kompyuta, ambayo ilitamka majina ya mitaa kama inameza viazi vya moto, na watu walikuwa wakipiga simu makusudi waicheke. Binti aliposikia kilichokataliwa, alifunga mlango wa chumba chake na hakutoka mpaka zamu yake ilipofika.

Shida ilikuja, na haikubisha hodi. Walihamia nyumba ndogo zaidi. Kabati lililokuwa likihamishwa ukuta hadi ukuta liliuzwa. Mgongo wa mwashi ukagoma kabisa kuinama, na kazi nyingi alizokuwa akipata siku hizo zilikuwa za kuinama, kupanga vigae kwenye sakafu za maduka na vyoo. Asubuhi moja, akiwa amekaa kitandani akijaribu kuvaa soksi bila mafanikio, mkewe alisema, "Nifundishe."

"Nikufundishe kuvaa soksi?"

"Vigae."

Alicheka, halafu akaona mkewe hacheki. Walikwenda pamoja. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akielekeza, mkewe akapiga magoti kwenye saruji mbichi na gauni lililofungwa kiunoni. Chumba cha kwanza alichokipanga kilikuwa stoo, na ilikuwa heri watu wasiingie humo sana. Cha pili kilikuwa afadhali. Alijifunza kuchanganya saruji isiwe uji wala mkate, kugonga kigae kwa mpini wa nyundo na kusikiliza kama kuna uwazi chini yake, kulaza pima maji juu na kungoja kile kipovu kitulie katikati. Kipovu hakibembelezeki. Kama pamezama, pamezama, unang'oa unaanza upya, na hakuna wa kumwomba samahani.

Wenye nyumba walishangaa kumwona. Mmoja alimwambia mwashi waziwazi kwamba aliajiri fundi, hakuajiri mama wa mtu. Bi Subiri alijibu akiwa palepale magotini. "Mimi ni mama wa mtu na ni fundi. Pita upande ule, hapa hapajakauka." Mwenye nyumba akapita upande ule.

Si kwamba mambo yalinyooka. Kuna majuma yalipita bila kazi, simu imelala kama jiwe. Majuma hayo aliamka, akaoga, akafagia uwanja, akakaa kizingitini na mumewe wakimsengenya kila fundi aliyejenga mtaa ule. Watu wa kubali bado walikuja. Wifi alimwambia amefurahi kuona hatimaye amekubali hali.

"Sijakubali kitu, wifi," alisema. "Nimekataa vyote nilivyotaka kukataa. Vilivyobaki ndivyo ninavyoishi navyo."

Wifi alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yake, akaomba maji ya kunywa.

Kisha boksi la vigae likamwangukia mguuni. Alirudi nyumbani akichechemea, kidole gumba kimevimba na kuwa cheusi. Binti alikuwa amekuja kuwatembelea. Tangu wahame alikuwa akiishi hosteli ya wauguzi, na maongezi yao yalikuwa bado ya juu juu, ya umekula na umelala. Alipouona mguu alileta beseni, akavua viatu vyake, akakaa sakafuni, akauweka mguu wa mama yake juu ya paja lake, na kuanza kuusafisha kwa mikono iliyozoea.

"Kucha itatoka," alisema baada ya muda.

"Itaota nyingine."

"Mama." Hakuinua uso. "Kazi hii ikiisha je? Baba mgongo ndio huo. Wewe ukiumia kweli je? Huogopi?"

Bi Subiri alifikiria kumjibu jibu la ushujaa, la kumnyamazisha. Akaliacha.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana tu. Ila zamani nilikuwa naogopa huku nakimbia. Siku hizi naogopa nikiwa nimekaa."

Binti alifunga bendeji mara ya mwisho akaikaza, labda zaidi kidogo ya ilivyohitajika, na mama yake akavuta pumzi kwa maumivu. Wakatazamana.

"Usiende kazini kesho," alisema binti.

"Nitaenda."

"Najua utaenda," alisema. Aliinuka, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na viatu vyake vikuukuu vya wodi, vile vyenye ncha ngumu za kukinga vidole, akaviweka karibu na mguu uliofungwa. "Jaribu hivi. Kama vinabana, nitakutafutia vingine."